Uzi: Mzee unayemlea aliwahi kuwa jeshini? Ipo pensheni ya kulipia matunzo yake, na familia nyingi hapa Marekani hazijaiomba

BintiMorogoro

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni mrefu. Kama unafanya kazi ya kulea wazee huku Marekani, au umeoa au kuolewa kwenye familia ya huku, naomba uvumilie usome.

Waswahili wengi tulio huku tumepita kwenye kazi hii. Tunaogesha, tunavisha, tunalisha, tunamgeuza mtu usiku asipate vidonda. Tukiwa humo ndani tunaona pia pesa za familia zinavyokwisha. Inaanza akiba, inafuata hisa, halafu nyumba inawekwa sokoni. Na mara nyingi kwenye chumba cha mzee huyohuyo kuna picha yake ya ujana akiwa na sare za jeshi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alitumikia lini.

Tuanze na gharama. Utafiti wa kampuni za Genworth na CareScout wa mwaka 2024 ulionyesha bei ya kati ya makao ya wazee yenye usaidizi wa kawaida kuwa dola 5,900 kwa mwezi. Makao yenye wauguzi saa zote yalikuwa dola 111,325 kwa mwaka kwa chumba cha watu wawili, na 127,750 kwa chumba cha peke yako. Wengi wanaamini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipa. Hailipi. Medicare inagharamia makao ya wauguzi kwa muda mfupi tu, kwa mtu aliyelazwa hospitali angalau siku tatu na anayehitaji tiba ya kitaalamu. Siku 20 za mwanzo inalipa yote, kuanzia ya 21 mgonjwa anachangia, na ikifika 100 imekwisha. Mtu anayehitaji kuogeshwa na kulishwa tu, miaka na miaka, hana kitu pale. Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, inalipa, ila mpaka uwe umebaki karibu mikono mitupu.

Katikati ya hizo mbili kuna kitu kinaitwa Aid and Attendance. Ni nyongeza juu ya pensheni ya idara ya maveterani, yaani VA, kwa askari wa zamani au mjane wake ambaye hawezi tena kujihudumia. Si lazima awe amejeruhiwa. Si lazima awe amefika mstari wa mbele. Kijana aliyepelekwa Ujerumani mwaka 1968 akapika jikoni kambini hadi akarudi kwao, naye anahesabika, kwa sababu alivaa sare wakati wa vita.

Kipindi ndicho kinachoangaliwa. Vita vya Korea ni kuanzia 27 Juni 1950 hadi 31 Januari 1955. Vietnam ni 5 Agosti 1964 hadi 7 Mei 1975, na waliokanyaga Vietnam yenyewe wanahesabiwa tangu 1 Novemba 1955. Vita vya Ghuba vilianza kuhesabiwa 2 Agosti 1990 na mpaka leo kipindi hicho hakijafungwa. Mzee aliyeingia jeshini kabla ya 8 Septemba 1980 anatakiwa awe ametumikia siku 90, na walau siku moja iangukie ndani ya kipindi cha vita. Asiwe amefukuzwa kwa aibu. Awe na miaka 65 au zaidi, au awe na ulemavu wa kudumu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo familia nyingi zinapokata tamaa mapema. Nawapa viwango vilivyotumika kuanzia 1 Desemba 2024 hadi Novemba 2025. Kila Desemba vinapanda kidogo. Askari wa zamani asiye na mke wala mtegemezi, mwenye sifa ya Aid and Attendance, kiwango chake cha juu kilikuwa dola 28,300 kwa mwaka, sawa na 2,358 kwa mwezi. Mwenye mke ni 2,795 kwa mwezi. Mjane ni 1,515. VA inachukua kiwango hicho, inatoa kipato chako, na tofauti ndiyo unayolipwa.

Mtu anasikia hivyo anasema, "Baba anapata 1,900 kila mwezi za Social Security, mafao ya uzeeni ya serikali, basi ataambulia senti." Hapana. Gharama za matunzo zinaondolewa kwenye kipato kwanza. Chukua huyohuyo baba: 1,900 mara 12 ni 22,800. Makao yake yanamtoza 5,000 kwa mwezi, ambayo ni 60,000 kwa mwaka. VA haihesabu asilimia 5 za mwanzo za kiwango cha kawaida cha pensheni, kwake yeye ni dola 848. Zinabaki 59,152 za kukata, na kipato chote kinafutika. Anakuwa sifuri, anapata 2,358 kamili. Ukijumlisha na zile 1,900 anakuwa na 4,258. Familia inatafuta 742 badala ya 3,100. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nyumba inauzwa au haiuzwi.

Na hapo kwenye nyumba shikeni sana. Mali zote pamoja na kipato cha mwaka visizidi dola 159,240 kwa kiwango hichohicho cha Desemba 2024. Nyumba anayoishi mzee haihesabiwi, hata akihamia makao ya wazee. Gari lake la kawaida halihesabiwi. Lakini nyumba ikiuzwa, zile pesa benki zinahesabiwa. Kwa hiyo familia inayouza kwanza na kuulizia VA baadaye inajikuta imejifungia mlango yenyewe. Wala msigawie watoto ili mzee aonekane hana. Tangu 18 Oktoba 2018 VA inaangalia miaka mitatu nyuma, na ikikuta mali iliyogawiwa ili kupenya, inaweza kumnyima pensheni hadi miaka mitano.

Mwisho kwa leo: kabla hata hamjakusanya karatasi, pelekeni fomu 21-0966. Ni taarifa kwamba mnakusudia kuomba. Mkishaipeleka mna mwaka mzima wa kukamilisha maombi, na yakikubaliwa, malipo yanahesabiwa kuanzia siku ile ya taarifa. Malimbikizo yake yanaweza kulipa bili za miezi kadhaa.

Karibuni kwa maswali.

---

Mtu_wa_Mvita

Ahsante dada kwa elimu. Lakini nisamehe, mimi hili jambo la makao linanitia uchungu. Mzazi amekulea, amekupeleka shule, akizeeka unamlipia watu baki wamwogeshe? Kwetu Mombasa mzee anakaa na wanawe na wajukuu wanamzunguka. Labda tuwafundishe hawa utu kwanza kabla ya kutafuta pesa za serikali.

---

BintiMorogoro

Kaka, nakuelewa kabisa, nami nimelelewa hivyo. Ila nimekaa na hizi familia nimeona. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaamka saa nane usiku, anafungua mlango, anatoka nje na theluji amevaa fulana. Binti yake ana zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna shangazi nyumba ya pili, hakuna jirani wa kupiga kelele "babu yenu anatoka". Yule binti anampenda baba yake. Amechoka mpaka anasinzia akiwa anaongea na wewe.

Na hii pensheni si ya makao tu. Mzee akibaki nyumbani, malipo ya mtu wa kumhudumia yanakatwa kwenye kipato vilevile. Hata ndugu anaweza kuwa ndiye mhudumu, isipokuwa mke au mume wa mzee, mradi analipwa kweli. Wekeni makubaliano ya maandishi, saa ngapi kwa wiki na kiasi gani kwa saa, alipwe kwa hundi au kwa benki ili ushahidi uwepo. Na huyo anayelipwa atangaze kipato hicho kwenye kodi. Kwa hiyo binti anaweza kupunguza zamu za kazini akakaa na baba yake. Nadhani hilo ndilo unalolitaka hata wewe.

---

Mtu_wa_Mvita

Hapo nimekuelewa. Sikujua kwamba ndugu anaweza kulipwa. Endelea dada.

---

Afande_wa_Eldoret

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni Mkenya, niliingia jeshi la Marekani kwa ule mpango wa MAVNI, uliowachukua watu wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Nilimaliza mkataba wangu salama. Je, mambo haya yananihusu au ni ya wazee wa Vietnam peke yao?

---

BintiMorogoro

Afande, yanakuhusu. Mpango wenu uliendeshwa ndani ya kipindi cha Vita vya Ghuba ambacho hakijafungwa, kwa hiyo wakati wa vita unao. Ninyi mlioingia baada ya 7 Septemba 1980 sharti lenu ni miezi 24 au muda wote mlioitwa kutumikia. Pensheni yenyewe utaiomba ukifika miaka 65, au mapema zaidi Mungu apishe mbali ukipata ulemavu wa kudumu. Cha kufanya leo ni kuitunza DD-214 yako, ile karatasi ya kuachishwa jeshi, mahali ambapo mkeo na wanao wanapajua. Wengi wetu tunaficha karatasi vizuri hadi familia haizipati.

---

NesiDallas

Dada umeeleza vizuri sana, naomba niongezee jambo moja ambalo naliona kila siku kazini na linaumiza.

Kabla ya kukimbilia pensheni, ulizeni kwanza kama ugonjwa wa mzee unatokana na jeshi. Hiyo ni njia tofauti, inaitwa fidia ya ulemavu, na haijali mtu ana mali kiasi gani. Mzee aliyekuwa Vietnam akiwa na Parkinson, kisukari cha aina ya pili au ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba, sheria inachukulia tayari kwamba imetokana na ile sumu ya majani, Agent Orange. Hatakiwi kuthibitisha alivyoipata. Sheria ya PACT ya 10 Agosti 2022 ikaongeza na shinikizo la damu. Hebu fikiria ni wazee wangapi wa Vietnam wana presha.

Fidia na pensheni hazilipwi pamoja, unapewa iliyo kubwa zaidi. Mtu mwenye fidia anayehitaji kuhudumiwa anaweza kuongezewa malipo maalumu ya mwezi ambayo mara nyingi yanazidi hiyo 2,358 kwa mbali. Na akiwa na kiwango cha asilimia 70 au zaidi kwa ulemavu wa jeshini, akihitaji makao ya wauguzi VA inawajibika kumpatia. Hiyo peke yake inaokoa familia zaidi ya dola laki moja kwa mwaka.

Tena kuna mpango wa kumlipa mlezi wa familia moja kwa moja kila mwezi kwa kumhudumia veterani mwenye asilimia 70. Zamani ulibagua kwa miaka ya utumishi. Tangu 1 Oktoba 2022 uko wazi kwa waliotumikia kipindi chochote.

Jambo la mwisho, mlijue mapema: mzee asiye na mke wala mtegemezi akiingia makao ya wauguzi yanayolipwa na Medicaid, pensheni yake ya VA inashushwa hadi dola 90 kwa mwezi. Hizo 90 ni zake mwenyewe, Medicaid haizigusi. Familia nyingi hushtuka zikidhani wameonewa.

---

KijanaWaTanga

Nimesoma yote. Kuna kampuni moja ilimfuata baba mkwe wangu baada ya semina ya chakula cha bure. Wakamwambia ana mali nyingi, awape maelfu ya dola wamsaidie "kupanga", wahamishie akiba yake kwenye bima ya malipo ya kila mwaka, kisha wamjazie maombi ya VA. Mke wangu yuko njia panda. Hawa ni wa kweli?

---

NesiDallas

Mwambie shemeji, mzee asisaini chochote! Kisheria hakuna anayeruhusiwa kutoza pesa kwa kuandaa maombi ya kwanza ya mafao ya VA, awe wakili au nani. Na huko kuhamisha akiba ndiko kunakoangukia kwenye ile miaka mitatu aliyoitaja BintiMorogoro. Wao wanapata kamisheni yao wanaondoka, mzee anabaki na adhabu, na pesa zake zimefungwa asizifikie.

Msaada wa bure upo. Kaunti nyingi zina ofisa wa maveterani, na majimbo nayo yana idara zao. Vyama vya maveterani vya American Legion, DAV na VFW vina wawakilishi waliosajiliwa na VA. Hawatozi hata senti.

---

MamaWawili_MN

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhudumu wa makao. Mwajiri wetu anakataza kabisa kuzungumza mambo ya pesa na familia za wakazi. Nitasaidiaje bila kuhatarisha kazi yangu?

---

BintiMorogoro

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, na mwajiri ana sababu zake. Usitoe ushauri wa pesa, usishike karatasi zao za benki, usiahidi kwamba watalipwa. Kumuuliza mzee wakati unamvisha, "Bwana, hii picha ulikuwa jeshi gani?" si ushauri wa pesa. Akikujibu, mwambie muuguzi wako au ofisa ustawi wa jamii wa pale: huyu mzee ni veterani, je familia imeshaongea na ofisa wa maveterani wa kaunti? Basi, kazi yako imekwisha.

Ila kuna sehemu nyingine ambayo wewe mhudumu una uzito kuliko unavyofikiri, nayo ni kumbukumbu za kila siku.

Maombi yanahitaji fomu 21-2680, inajazwa na daktari. VA inataka kujua mzee anashindwa nini: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, au kama ana upungufu wa akili unaomweka hatarini akiachwa peke yake. Sasa hawa wazee wa jeshi wana heshima zao. Akifika kwa daktari anajikaza, ananyoosha mgongo, anaulizwa hali anasema "niko sawa kabisa". Daktari amekaa naye dakika kumi na tano. Anaandika: mgonjwa anatembea mwenyewe. Maombi yanakataliwa.

Lakini wewe ndiye uliyefunga vile vifungo vya shati asubuhi maana vidole vyake havishiki. Wewe ndiye uliyesimama naye bafuni ukamshika kwapani wakati anavuka kizingiti cha bafu. Wewe ndiye uliyekuta vidonge vya jana bado viko kwenye kikombe. Andika hivyohivyo kwenye daftari la zamu. Usiandike "amesaidiwa kuvaa". Andika "hawezi kufunga vifungo, amevalishwa shati na suruali na mhudumu". Familia ikiomba nakala iende nazo kwa daktari, naye atajaza fomu kwa kilichopo.

---

Mjukuu_wa_KAR

Babu yetu alipigana Burma akiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alifariki, bibi yupo Songea na ni mzee sana. Hii VA haiwezi kumsaidia?

---

NesiDallas

Pole ndugu, na heshima kwa babu. VA ni ya waliotumikia jeshi la Marekani tu. Babu alitumikia Uingereza. Ulizia Royal Commonwealth Ex-Services League, inawasaidia askari waliotumikia Uingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola pamoja na wajane wao, ikipitia vyama vya maveterani vya nchi husika. Anza na chama cha askari wastaafu kilicho karibu na Songea, nenda na cheti cha ndoa na chochote chenye namba ya jeshi ya babu, hata medali.

---

DadaWaKisumu

Naomba nami nisaidiwe. Mama mkwe wangu ana miaka 91, anaishi peke yake, amepata kiharusi. Mumewe alikuwa jeshi la nchi kavu wakati wa Korea, akaachishwa mwaka 1953, amefariki zamani. Mama hakuolewa tena. Tunamlipa mtu anayekuja kila siku asubuhi na akiba inaelekea ukingoni. Hatuna karatasi yoyote ya jeshi, na tulipoulizia tuliambiwa faili huenda liliungua. Kuna njia?

---

BintiMorogoro

Dada, njia ipo, msikate tamaa. Ni kweli kulikuwa na moto mkubwa St. Louis tarehe 12 Julai 1973 kwenye kituo kinachotunza kumbukumbu za askari. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, na mengi yalikuwa ya jeshi la nchi kavu, walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Faili la baba mkwe wako huenda lilikuwa humo. Lakini kituo kile bado kinapokea maombi, fomu ni SF-180, na kwa mafaili yaliyoungua wanatafuta kwenye kumbukumbu nyingine kama orodha za mishahara, kisha wanatoa cheti cha kuthibitisha utumishi.

Kabla ya hapo, nendeni ofisi ya karani wa kaunti alikoishi mzee aliporudi kutoka vitani. Askari wengi wa wakati ule walisajili karatasi zao za kuachishwa kwa karani ili zisipotee. Ulizieni pia nyumba ya mazishi iliyomzika. Kama alizikwa kwa heshima za kijeshi, kuna mtu aliwaonyesha karatasi.

Kwa mama, kuwa mjane ambaye hakuolewa tena ni sifa kubwa. Watataka kuona kwamba ndoa ilidumu angalau mwaka mmoja kabla ya kifo, au walizaa. Fomu yake ni 21P-534EZ pamoja na ile ya daktari. Na kama kiharusi kimegusa akili, jueni kwamba VA haitambui hati ya uwakili ya kawaida kwenye kupokea pesa. Itamchagua msimamizi wake yenyewe, na mara nyingi inamchukua mtoto au mkwe anayefaa. Kwa hiyo mkiandikiwa barua kuhusu hilo msiogope, jibuni haraka.

---

DadaWaKisumu

Mungu akubariki. Mume wangu amempigia dada yake sasa hivi, anasema karani wa kaunti anafungua saa mbili asubuhi na yeye anaishi karibu. Tupeleke fomu ya kukusudia kwanza au tungoje hizo karatasi?

---

BintiMorogoro

Pelekeni leo, msingoje. Fomu 21-0966 haihitaji DD-214. Andikeni jina la mama, la marehemu, namba zao za Social Security, na muweke alama kwenye mafao ya mjane. Mama mwenyewe atie saini kama mkono unaweza. Kama hauwezi, ofisa wa maveterani wa kaunti atawaonyesha namna ya kusaini kwa niaba yake. Na kuanzia wiki hii yule mhudumu wa asubuhi alipwe kwa hundi, kila hundi mpige picha.

---

DadaWaKisumu

Sawa dada. Tutamlipa hivyo Ijumaa hii, nami nitaleta mrejesho hapa karani akitujibu.